Msikisingizie Kisusio

Mdogo wangu ana miaka minne na nusu, na kazi ya kumtawaza ni yangu. Anakaa kwenye poti lake la bluu nyuma ya jiko, chini ya migomba, anaimba nyimbo za kanisani alizozichanganya mwenyewe, kisha anapaza sauti mpaka jirani wa ng'ambo ya mfereji anasikia: "Dada, nimemalizaaa!" Hapo naacha ninachofanya, nachukua kopo la maji, naenda. Hakuna mwingine anayeenda. Kwa hiyo nikisema kwamba damu ile niliijua kabla ya watu wote, sijisifu. Mwenye kopo ni mimi, basi.

Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa kumi na moja, tukiwa tunachuma kahawa za mwisho mwisho. Choo chake kilikuwa cha kawaida, rangi ileile ya siku zote, ila juu yake kulikuwa na damu. Haikuwa imechanganyika. Ilikaa juu tu, nyekundu kabisa, kama mwalimu amepitisha kalamu ya kusahihishia. Na matone mawili pembeni, kwenye plastiki.

Nikamuuliza, "Unaumwa hapo?"

"Hapana. Nataka ndizi."

Nilikaa na neno hilo mchana kutwa. Mimi siyo muongeaji. Niko kidato cha tatu, na mwalimu akiniuliza swali najibu kwa sauti ambayo hata niliyekaa naye dawati moja haisikii. Ukoo mzima unaniita Bubu, kwa utani, lakini wanaita. Sasa uniambie niende kwa mama yangu nianze kuongelea mavi. Baba angekuwepo labda ningejaribu kwake, ila yeye ni mpagazi, anabeba mizigo ya wageni mlimani, na msimu wa wageni ukianza hatumwoni. Nyumbani tunabaki Mama, Babu, mdogo wangu na mimi.

Mama aliporudi kutoka Kiboriloni, anakouza ndizi, nilimsubiri ashushe beseni, anawe miguu, anywe maji, halafu nikasema yote kwa mkupuo mmoja nikiangalia ukuta.

"Minyoo hiyo," Mama akasema. "Si anatembea peku."

Kesho yake akapitia duka la dawa. Muuzaji akamuuliza swali moja tu: ana miaka mingapi. Mtoto akapewa dawa ya minyoo, akainywa, akaomba nyingine kwa sababu ilikuwa tamu. Sikuona mnyoo hata mmoja. Damu ikarudi siku ya tatu.

Tukaenda zahanati. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, maana kutoka kwetu mpaka barabarani ni mteremko mkali na matope. Mhudumu alikuwa anakula mahindi ya kuchoma. Mama akaeleza. Yule bwana akasema, "Amiba," hata kabla Mama hajamaliza.

"Nilete choo chake mkipime?" Mama akauliza.

"Cha nini, mama? Choo chenye damu ni amiba. Tangu nimeanza kazi."

Mdogo wangu alikuwa amesimama palepale mbele yake, suruali imefungwa mkanda wa kitambaa, anazihesabu punje za mahindi kwenye kile kibunzi. Mhudumu hakumgusa. Hakumgeuza. Hakumwangalia hata macho. Aliandika dawa, na dawa yenyewe chungu, mtoto akawa anaitapika juu ya khanga yangu siku tano mfululizo. Alipomaliza dawa akatoka damu tena, na safari hii ilidondoka tone kwa tone baada ya choo kuisha, kama bomba lisilofungwa vizuri.

Ndipo nikaanza kuandika. Nilifungua kaunta buku langu la Biolojia kwa nyuma, nikawa naandika siku kwa siku. Niliandika hivi:

*Jumanne. Damu juu ya choo. Nyekundu. Hakulia.*

*Alhamisi. Hakuna.*

*Jumamosi. Matone manne mwishoni, na ute kidogo kama wa bamia. Anaimba.*

Sikuwa na akili yoyote ya kidaktari. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haijui kutoka kwa mdomo.

Halafu ikaja Krismasi.

Asiyetoka huku kwetu hawezi kuelewa Krismasi ya Kirua. Nyumba iliyolala kimya mwaka mzima inajaa watu kutoka Dar, Arusha, Mwanza, magari yanakwama kwenye matope, watoto wa mjini wanashangaa ng'ombe kulala karibu na jiko. Mbuzi anachinjwa, na damu yake haimwagwi. Inakingwa kwenye sufuria, inakorogwa isigande, inapikwa na supu na vipande vya nyama na utumbo uliokatwakatwa. Ndicho kisusio. Wazee wanakipenda, vijana wanajifanya wanakipenda, na mdogo wangu anakipenda kwelikweli. Alikunywa kikombe kizima cha bati akalamba na pembeni.

Kesho yake asubuhi nyuma ya jiko palikuwa na moto na masufuria, kwa hiyo poti likawekwa uani, mbele ya watu. Akaimba, akamaliza, akaita. Nikaja na kopo langu. Lakini baba yangu mdogo, huyu wa Dar, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu, akachungulia.

"Aisee! Njooni muone! Mbuzi wa jana anarudi mzimamzima!"

Wakaja. Watu wazima, na vikombe vya chai mikononi, wamezunguka poti la mtoto. Mmoja akasema utumbo wa mtoto haujakomaa kwa kisusio. Mwingine akasema aliyempa kikombe kizima ndiye wa kulaumiwa. Mama akainama kwa sababu ni yeye. Wakacheka. Mdogo wangu naye akacheka, akajua amefanya jambo la maana.

Babu peke yake hakucheka. Alisimama na fimbo yake akalitazama lile poti muda mrefu, muda mrefu mno. Halafu akarudi kwenye kiti chake akaanza hadithi.

"Zamani," akasema, "mwanaume wa Kichagga alikuwa haendi chooni."

"Ehee, Mzee anaanza!"

"Akishatoka jandoni alikuwa ameshafungwa huku nyuma. Ngoso, ndivyo ilivyoitwa. Pamezibwa, basi. Wanawake waliamini hivyo, na mwanaume alikuwa tayari kufa kuliko mke wake amkute amechuchumaa migombani. Sasa leo mnakusanyika kuangalia ya mtoto wa kiume kama mnaangalia mechi."

Wakaangua kicheko hadi kuku wakakimbia. Baba mdogo akamnyanyua mdogo wangu juu, akamwambia, "Umesikia, Mangi, chifu wetu? Kuanzia leo funga!"

Hapo nikafungua mdomo. "Ilianza kabla," nikasema.

"Nani kaongea?"

"Damu. Ilianza kabla ya kisusio. Tangu mwezi wa kumi na moja."

Baba mdogo akatazama juu mlimani, akaweka kiganja usoni kama anakinga jua. "Bubu kaongea! Jamani anueni kahawa, mvua inakuja!"

Sikumbuki walisema nini tena. Nilimaliza kumtawaza mtoto, nikamwaga maji, nikaenda kuandika. *Ijumaa. Damu nyingi kuliko siku zote. Wamesema ni kisusio. Wajinga.* Hilo la mwisho nililikata kwa kalamu, kisha nikaliandika upya chini yake.

Ubaya wa kisusio ni kwamba kilikuwa jibu tamu. Minyoo na amiba vilishaanza kuchosha, mtu angeweza kujiuliza. Lakini kisusio kila mtu alikiona kwa macho. Damu imeingia, damu imetoka, kesi imekwisha. Wageni wakaondoka, Mama akaacha kuuliza, na mdogo wangu kwa kuwa aliambiwa afunge, akafunga. Nasema kweli. Alikuwa anaweza kukaa siku tatu hataki poti, anabana miguu, jasho linamtoka, ananiambia, "Dada, mimi mwanaume." Na akienda mwisho wake, kile choo kigumu kinatoka na damu kuliko mwanzo.

Wiki ya pili ya Januari niliona kitu. Alikuwa amekamua sana. Nilipoinama kumtawaza, pale mlangoni choo kinapotokea palikuwa na kitu chekundu, kiduara, kinang'aa, sawa kabisa na tunda la kahawa lililoiva. Sikukigusa. Aliposimama kikarudi ndani chenyewe, kama hakijawahi kuwepo.

Nilimkimbilia Mama bila kungoja ashushe kitu chochote. Mama akashtuka, akampelekea Babu habari. Babu alikuwa zizini, anamkatia ng'ombe majani ya mgomba. Hakugeuka.

"Mtoto wa kiume hafunuliwifunuliwi," akasema. "Kimerudi ndani, si ndiyo? Basi kiacheni huko."

Tukakiacha huko. Mtoto akaanza kupauka. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyefua siku nzima. Alikuwa anapanda ule mlima wa kwetu akiimba, sasa anakaa chini mara nne, tano. Nilimkuta anakwangua udongo wa ukuta wa jiko kwa kijiko anakula, na nilipomnyang'anya kijiko akatumia kucha.

Mama akampigia simu baba mdogo. Aliweka sauti ya nje, nikasikia.

"Shemeji, huyo dogo hana damu tu, freshi, atakuwa sawa. Mtafutieni kisusio. Kisusio kinaongeza damu haraka sana."

Sikuamini masikio yangu. Yaani kitu kilekile kilichoshitakiwa kwa kumtoa damu, sasa ndicho dawa ya kumrudishia damu! Na mtu aliyekishitaki ndiye huyuhuyu anayekiagiza! Na Mama, mama yangu ambaye anaijua ndizi iliyoanza kuoza ndani wakati ganda bado kijani, akasema, "Sawa, shemeji."

Jirani mmoja alichinja siku ya Jumapili. Mama akaja na kikombe kilekile cha bati, kinatoa mvuke. Mdogo wangu akanyoosha mikono yote miwili. Na mimi nikakichukua kile kikombe kabla hakijamfikia, nikatoka nacho, nikamimina chote mbele ya mbwa.

Kumwaga chakula mbele ya mama yako, tena nyama, kwetu ni jambo la kuitiwa wazee. Nilijua. 

"Una wazimu?" Mama akasema.

"Hakuna aliyemvua suruali!" Sauti ilitoka kubwa hata mbwa akaacha kulamba. "Tangu mwezi wa kumi na moja! Wa dukani hajamvua, wa zahanati hajamvua, baba mdogo yuko Dar anamtibu kwa simu! Minyoo, amiba, kisusio! Kuna mtu amemwangalia? Hata mmoja? Ni mimi tu na kopo langu!"

Mdogo wangu akaanza kulia kwa ajili ya kikombe. Mama hakunipiga. Alikaa kwenye kizingiti, akamvuta mtoto mapajani, akamfunua jicho chini kwa kidole gumba kama wanavyoangalia mbuzi sokoni. Ndani palikuwa peupe. Akasema, "Kesho kaombe ruhusa shuleni. Twende wote."

Hospitali ile ya Moshi sitaitaja. Tulikaa kwenye benchi mpaka saa sita. Daktari alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho, nikawaza, basi, ni walewale.

"Mtoto ana shida gani?"

"Anatoka damu kwenye choo," Mama akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi, daktari. Alikula kisusio."

Nilikuwa nimekaa nyuma ya Mama.  Nikamwona daktari anaandika. Nikajua neno gani anaandika, na kwamba likishaandikwa limeandikwa. Nikasimama nikaweka kaunta buku juu ya meza yake, limefunguliwa kwa nyuma.  Nililiweka tu.

Daktari akasoma. Akafungua ukurasa wa pili. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Nani kaandika?"

"Mimi."

"Damu iko juu ya choo, haijachanganyika?"

"Haijachanganyika."

"Na hapa umeandika kahawa."

"Kama kahawa iliyoiva. Ilitoka ikarudi."

"Halii akienda?"

"Anaimba. Siku hizi anabana, kwa sababu aliambiwa wanaume hawaendi."

"Nani kamwambia upuuzi huo?"

Mama akaangalia dirishani.

Daktari akamgeukia Mama, akamweleza taratibu, siyo kwa kumsimanga, ingawa mimi ningependa amsimange kidogo. Alisema damu mtu anayokula ikifika huko chini haiwi nyekundu tena, tumbo linaigeuza nyeusi. Damu nyekundu namna ile ni ya mtoto mwenyewe, na inatoka karibu na mlango. "Kisusio mmekionea," akasema. Halafu akavaa glavu, akasema maneno niliyoyasubiri miezi miwili na zaidi: "Haya, mvueni suruali."

Ilichukua muda mfupi kuliko kuimba ubeti mmoja. Mdogo wangu alilala kwa ubavu, mimi nimemshika mikono, akaguna mara moja. Daktari akatoa kidole, akaitikia kwa kichwa. Kipo, akasema, kinaning'inia kwenye kikonyo chake, kinyama kidogo tu kinachoota kwa watoto wa umri huu, kinachubuliwa na choo kikipita. Mara nyingi siyo kitu kibaya. Ila kikiachwa kinamnyonya mtoto damu tone kwa tone, na huyu ameshanyonywa.

Kwa hiyo ilikuwa ni kidole kimoja. Naliandika tena kwa sababu bado linaniuma. Dawa za aina mbili, matapishi, udongo wa ukuta, hadithi ya ngoso, vicheko uani, vyote vile, na jibu lilikuwa umbali wa kidole kimoja chenye glavu.

Walimlaza. Walimpima damu, wakamwongezea, wakamsafisha tumbo kwa dawa ya kuharisha, wakamlaza usingizi, wakaingiza mpira mwembamba wenye kamera, wakakikata kile kikonyo kwa waya. Waliangalia na juu kama kuna vingine, havikuwepo. Daktari alinionyesha kwenye kichupa. Kilikuwa kimepauka, kidogo kuliko nilivyodhani. Kilienda kupimwa, na majibu yalipotoka yalikuwa mazuri. Mdogo wangu alirudi nyumbani na chupa ya dawa ya madini ya chuma, inayogeuza choo chake cheusi tii, na kila akimaliza anataka niangalie. "Dada, nyekundu imeenda wapi?"

Baba mdogo alipiga simu. Akasema, "Si niliwaambia atakuwa sawa?" Nilitoka nje.

Siku ya tatu tangu turudi nilikuwa zizini nakatakata majani ya mgomba. Babu akaja, akasimama, akaegemea fimbo. Nikadhani anataka kunisema kwa kile kikombe.

"Huyo daktari wenu," akasema.

"Ndiyo, Babu."

"Anaangalia watoto tu?"

"Sijui. Nadhani wapo wa wakubwa pia."

 Ng'ombe akavuta jani kutoka mkononi mwangu.

"Kuna mzee mmoja," akaanza, kisha akaacha. Akaanza tena. "Ni mimi."

Nikaweka panga chini. "Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mwaka juzi."

Mwaka juzi! Nikakumbuka alivyosimama juu ya lile poti siku ya Krismasi, bila kucheka, anaangalia. Alikuwa anaijua. Alikuwa anaifahamu kuliko hata mimi mwenye kopo, na akatupa hadithi ya wanaume waliofungwa, tucheke, tuangalie kwingine. Hasira ilinipanda upya, mbichi, nikasahau kuona haya.

"Ulimwona mtoto anatoka damu kama wewe, ukasema tuiache ndani!"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Nilimwonea aibu," Babu akasema. "Na mimi nilijionea."

Sikumwambia pole. Sikuwa na pole siku hiyo. Niliingia ndani nikachukua kaunta buku, nikaja nalo, nikafungua ukurasa mweupe juu ya ukingo wa hori.

"Damu yako iko juu ya choo au imechanganyika?"

Babu akanyoosha mgongo. "Mjukuu wangu, hayo siyo maswali ya kumuuliza mzee."

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba."

"Iko juu, au imechanganyika?"

Akageuka akamtazama ng'ombe, muda mrefu, kama anamwomba amsaidie. Kisha, akiwa amenipa mgongo, akaanza kujibu.